Uchovu wa Bibi Robi

Ngano yangu imepanda mlima na miguu inaiuma. Ipeni kigoda, ikae.

Bibi Robi alikuwa akipalilia ulezi mlimani. Mkwewe alikuwa mjamzito, na mzazi asipopata uji wa ulezi, maziwa huwa haba. Zimwi likatokea, likasema, "Bibi, nipe uchovu wako." Akakataa. Kesho yake likarudi, akakataa. Siku ya tatu mgongo ulikuwa ukiwaka moto. "Chukua," akasema.

Mgongo ukanyooka kama nguzo. Lakini ulezi una gugu lake, vinafanana kama mapacha. Huwezi kuvitenganisha mpaka uiname, ushike shina. Mgongo ule haukukubali tena kuinama. Akang'oa kwa kukisia, na masuke yalipotoka, shamba zima lilikuwa gugu.

Akalitafuta zimwi, akalikuta limelala kifudifudi njiani.

"Nirudishie uchovu wangu."

"Uchukue, bibi, uchukue upesi!" likalia. "Nimemeza watu na ng'ombe wao, sijabeba kitu kizito namna hii. Unaubebaje?"

"Sijui," akasema. "Siku zote upo tu."

Akaupokea mgongoni, ukakaa pale pale pake. Ghalani kulibaki kibuyu kimoja cha ulezi wa miaka mingi, ambao fukusi hawakuugusa. Nusu akampikia mzazi uji, nusu akaipanda. Ulipoota, akainama.

Ngano yangu imeketi, na leo haiinuki. Kesho mkipewa uji, utazameni mgongo wa aliyewapa.