Raia wa Dunia na Chungu Chake

Hodi, wenye masikio!
— Karibu, mwenye mdomo!
Nimebeba ngano!
— Itue, tuionje!

Kabla sijaitua, kuna fumbo limenishinda tangu utotoni: mtu ambaye kila pahali ni kwake, akipiga hodi, nani wa kumwambia karibu? Nimewauliza wengi. Wengine wamecheka, wengine wamekwenda kulala. Labda nyinyi mtalifumbua.

Kulikuwa na shule mbili, moja huku kwetu, moja ng'ambo ya mto. Kisima cha shule ya huku kilikuwa kimekauka kau, na wanafunzi walikuwa wameanza kuhama. Wa ng'ambo walijua kuchimba. Kila kiangazi Mwalimu Korongo wa ng'ambo aliruka, pa! pa! pa!, akaleta mwaliko: "Leteni wanafunzi tufundishane. Sisi visima, nyinyi dawa za majani."

Na kila kiangazi Mwalimu Mkuu Fisi alikwenda mwenyewe. Akala, akalala, akarudi tumbo mbele. "Wanangu, kule hakuna la kujifunza," akasema, akicheua.

Pimbi, mwanafunzi mdogo kuliko wote, alikichungulia kile kisima kikavu. Akajiambia: kiangazi hiki navuka.

"Shikamoo, Mwalimu. Safari hii nani atakubebea mkoba?"

Fisi akaupima mkoba, akampima Pimbi. "Marahaba. Beba. Ila sahani usiguse!"

Wakashika njia. Fisi gubu, gubu. Pimbi tipu, tipu.

"Mwalimu, huko utajitambulishaje?"

"Mgeni."

"Mgeni! Hata kunguru ni mgeni. Mkubwa kama wewe ni raia wa dunia. Kila pahali ni kwake."

Fisi akasimama. "Kila pahali kwangu?"

"Kwako, Mwalimu."

"Kila jiko langu?"

"Lako, Mwalimu."

"Kila chungu changu?"

"Chako, Mwalimu, mpaka masizi yake."

Fisi akavuka mto, chubwi, chubwi, akiimba: "Raia wa dunia, kila pahali kwangu!"

Langoni Korongo akauliza, "Karibuni. Wageni wawili?"

"Mgeni ni huyu mdogo. Mimi ni raia wa dunia! Hapa ni kwangu!"

Korongo akafurahi kwelikweli. "Kumbe mwenzetu! Na sisi miaka yote tunakuhesabu mgeni! Wewe mdogo, keti ule. Wewe mwenyeji, ufagio ule pale."

"Ufagio?"

"Kwani kwenu hamfagii?"

Angeweza kukana. Lakini wanafunzi wa ng'ambo walikuwa wameshaushika ule wimbo wake, wanauimba kwa nguvu. Akafagia, fyaa, fyaa. Harufu ya pilau ikamjia. Akakimbilia jikoni.

"Chungu changu!"

"Chako," akasema Korongo. "Kisugue. Baadaye tunakwenda kisimani, jembe lako nimeshalinoa."

Fisi akachimba, ndi! ndi! Pimbi akaacha sahani, akaketi ukingoni. Maji mnajuaje yaliko? Mkigonga mwamba mnafanyaje? Akauliza mpaka Korongo akachoka mdomo. Viganja vya Fisi vilipopasuka, Pimbi akatwanga majani, akampaka taratibu, na wa ng'ambo wakasogea kujifunza dawa ile.

"Pimbi," Fisi akanong'ona, "ulijua?"

"Nilijua kisima chetu hakina maji, Mwalimu."

Fisi akavitazama viganja vyake vilivyopakwa dawa. Kisha akala kunde na wachimbaji wenzake, na inasemekana hakuwahi kula chakula kitamu kama kile.

Waliporudi, shule ilikaa ikaamua: kila kiangazi wanafunzi watavuka, na wa ng'ambo watakuja huku. Tena kisima kipya kichimbwe mara moja. Pimbi akaonyesha pa kuchimba. Wote wakageuka kumtafuta anayejua jembe. Fisi akachimba, ndi! ndi!, mpaka maji yakasema bubu-bubu-bubu.

Funzo lake, wanangu: msithubutu kuwa raia wa dunia. Dunia ni kubwa, na yote inafagiwa.

Nimeitua, natoka!
— Nani anakusindikiza?
Mwenye ufagio!