Kovu Lililowasha Kila Harusi

Nyinyi mlioko karibu na nguzo, sogeeni mbele, nafasi ipo. Akina mama nyuma ya pazia, leo maneno yangu yanaanzia jikoni. Akina baba msijione mmesalimika, nitawafikia.

Palikuwa na mama mmoja mwenye kovu refu kwenye mkono wa kulia. Alilipata kazini. Yeye na wifi yake, dada wa mumewe, walikuwa wapishi wa harusi, na mtaa mzima uliwataja pamoja, kama kinu na mchi. Mnajua pilau la shughuli linavyopaliwa: wali ukishakauka, sufuria inafunikwa na makaa ya moto yanawekwa juu ya mfuniko. Basi siku moja wifi alikwenda kuuondoa mfuniko na makaa yake, mguu ukateleza, makaa yakammwagikia mwenzake mkononi.

Wifi alilia kuliko hata aliyeungua. Alimuuguza, akamfulia, akamwomba radhi mbele ya kaka yake. Mama yule akasema, "Yamekwisha, wifi. Ni ajali ya kazi." Kidonda kikafunga, likabaki kovu.

Tangu hapo mama hakupenda tena kukaa karibu na moto, na wifi akaendelea peke yake. Jina likakua. Akawa anaitwa mitaa ya mbali, watu hawapangi siku ya ndoa mpaka wamuulize yeye kama ana nafasi. Na huku nyumbani kovu likaanza kuwasha. Kidonda kimepona zamani, sasa kinawasha nini?

Mama akaenda zahanati. Nesi akalitazama, akamwambia, "Mama, hapa hakuna ugonjwa. Ngozi ya kovu haina mafuta yake yenyewe kama ngozi nyingine, ikikauka inawasha. Ukipata joto na jasho inawasha. Nguo ikiisugua inawasha. Weka kitambaa cha maji baridi, paka mafuta asubuhi na jioni, vaa nguo laini isiyobana. Na kata kucha, maana ukilikuna utalichubua upya."

Kisha akamuuliza, "Linakusumbua zaidi wakati gani?"

Mama akafikiri. "Kukiwa na harusi."

"Unapika?"

"Sipiki siku hizi. Anapika wifi yangu."

Nesi akamtazama, akampa mafuta.

Mafuta mama alipaka. Kucha hakukata. Kwa nini? Kwa sababu kovu lile lilikuwa na kazi yake. Wifi akisifiwa mahali, mama anapandisha mkono wa nguo na kuanza kukuna, taratibu, mpaka mtu aulize, "Hilo nalo lilikuwaje?" Ndipo anasema, "Aah, yaacheni, tulikwishasameheana. Ni huyo huyo mnayemsifu." Mmeisikia samahani hiyo? Samahani yenye kucha. Ulikuwa wivu, ndugu zangu, unamla mchana kweupe, na yeye anauita maumivu.

Basi ikaja harusi ya binti yake mwenyewe. Binti akasema, "Mama, mimi nataka pilau la shangazi."

"Huyo siku hizi anapikia sifa," mama akajibu. "Usimwamini. Atakuja kukuaibisha mbele ya wakwe."

Baba akaingilia. "Dada yangu yuko hai, halafu mwanangu apikiwe na mtu baki?" Yakaishia hapo.

Siku ya harusi uani pamejaa. Wakwe wanawake nao wamesogea karibu na meko, kama kawaida yao, kuona wanapikiwa nini. Wifi akakoroga, akamwita mama, "Wifi, njoo uonje chumvi. Mama wa bibi harusi ni wewe, siwezi kufunika kabla hujaonja." Ilikuwa heshima hiyo. Mama akasogea na nguo yake ya sherehe, mikono mirefu ya kubana, shanga tele, mvuke unampiga usoni, jasho linamtoka. Na hapo hapo mkwe mmoja akasema, "Mikono ya huyu mpishi wenu ina baraka, jamani."

Mikono! Kovu likawaka. Mama akapandisha mkono wa nguo, akakuna palepale juu ya sufuria, kusudi wakwe waone na waulize. Akakuna kwa hasira. Ngozi ikachanika, damu ikadondoka ndani ya wali.

Aliyeona ni wifi peke yake, aliyekuwa na mwiko mkononi.

Nakuuliza wewe unayenisikiliza: ungekuwa ndiye wifi, ungefanya nini? Miaka yote unasemwa pembeni, na leo mwenye kukusema ameshikwa na damu mkononi, mashahidi wamekuzunguka. Wengi wetu tungepiga kelele mpaka wasikie wanaume huko nje.

Wifi akasema kwa sauti ya chini, "Funga mkono kwa mtandio." Halafu akawageukia wanawake. "Sufuria hii hailiki, itamwagwa. Mpishi ni mimi, lawama ni zangu. Tunaanza upya."

Pakachafuka. Yule mkwe aliyesifu mikono akasonya. "Kumbe sifa za bure!" Mwingine akasema, "Wanaume wameshakaa mkekani, tuwape nini sasa?" Maneno hayo mama aliyangoja miaka. Sasa anayasikia kwa masikio yake mwenyewe, yanasemwa na wageni, wala hakuwafundisha yeye. Akangoja roho itulie. Haikutulia. Kovu likazidi kuwasha chini ya mtandio.

Mara binti akatoka ndani mbio, hina mkononi, wenzake wanamvuta arudi. Hakumwendea shangazi yake. Alimwangukia mama.

"Mama, uliniambia nisimwamini, mimi nikawa mbishi. Nisamehe mama."

Yeye ndiye anaombwa msamaha! Fikirini. Mtoto wa watu analia siku ya harusi yake, anamwomba radhi aliyemharibia.

Mama akaufungua ule mtandio. "Mwanangu, damu ni yangu. Nimekuna kovu juu ya chakula chako, kwa wivu. Shangazi yako ameniona, akanisitiri. Na si leo tu nimemchafua. Nimemchafua miaka."

Mkwe aliyesonya akajifanya anatafuta kiatu chake. Wifi akamwambia mama, "Haya, umeshasema. Kaoshe mkono uje uchambue mchele, watu wana njaa." Wageni walikula alasiri imeshaingia, wakasifu sana, na njaa nayo iliwasaidia kusifu.

Sasa akina baba, nimewafikia. Nani kati yetu hana ndugu aliyewahi kumwangushia kaa la moto? Alikusema vibaya kwenye kikao. Alikuzunguka kwenye kazi uliyomwonyesha wewe. Ukaumia, akaomba radhi, ukasema yamekwisha. Halafu akajenga, mwanawe akafaulu, akaanza kukaribishwa safu ya mbele, na ghafla jambo la zamani linawasha. Tunasema, "Yule aliniumiza." Ni kweli, alikuumiza, simkatalii mtu kovu lake. Lakini hebu jiulize: nyumba yake ikianguka kesho, litawasha? Kama linatulia yeye akianguka na linawasha yeye akisimama, basi kinachokuwasha si moto wa zamani. Ni riziki yake ya leo.

Na tusijidanganye kwamba akiporomoka tutapona. Mama yule alimwona wifi yake akiporomoka mbele ya wakwe, na hakupona. Tuache kukuna. Tumwombee mwenzetu aongezewe, hata kama dua inatukwama kooni. Tuiombe hivyo hivyo inakwama. Na akisifiwa, tufumbe mdomo kwanza kabla ya kutaja lile tulilokwisha kusamehe.

Tukimaliza swala, yupo mtu humu ndani ambaye huwa unachelewa makusudi kunyanyuka, ili yeye achukue viatu vyake kwanza, msikutane mlangoni. Unadhani hajui. Anajua. Leo nyanyuka naye.