Kuni za Kuchemshia Maji

Mzee Lukelo alikuwa akichambua maharage ya kupika, afisa misitu alipoingia uani na kumnyang'anya kuni zote.

"Hizi ni za msitu wa serikali. Maharage utakula mabichi."

Alasiri gari la kampeni lilifika na kipaza sauti, likiwahimiza wanakijiji wachemshe maji ya kunywa. Lukelo alimwendea mama aliyeongoza kampeni hiyo, mbele ya mpiga picha wa televisheni.

"Mama, sisi wa huku hatujui kuchemsha maji. Tuonyeshe."

"Hata kuchemsha maji, baba?"

"Kampeni huwa hazitufikii."

Mama alifurahi, kwani watu kama hao ndio aliotumwa kuwatafuta. Akaagiza kuni.

"Anazo afisa misitu," Lukelo alisema. "Sijui kama atakubali."

Afisa misitu, kamera ikimwelekea, alizibeba mwenyewe. Maji yalichemka, watu wakapiga makofi.

"Zilizobaki mwachie mzee," mama alimwambia. "Achemshe kila siku."

Asubuhi iliyofuata afisa misitu alimkuta Lukelo jikoni, akafunua chungu.

"Haya ni maharage."

"Ni maji, mkuu," Lukelo alisema, akisukumia ukuni motoni. "Maharage yameyakuta humo."