Besi ya Bwana Shekuwe

Bwana Shekuwe, mwenye nyumba za mtaa mzima, alimletea fundi Kidawa spika mbili kubwa. "Zifunge kwenye gari langu. Nataka besi itikise kuta. Ukikataa, hama kwangu."

Kidawa, aliyekuwa na pacha wachanga ndani, alizifunga bila ubishi.

Shekuwe alipowasha muziki alikunja uso. "Mbona besi siisikii?"

"Hizi ni wati elfu mbili, bwana mkubwa. Besi yake hutua mbali. Ng'ambo ya mto huko wameziba masikio."

Shekuwe akaondoka akitabasamu. Pacha hawakushtuka.

"Umeifanyaje?" mume wa Kidawa akanong'ona.

"Spika moja nimeigeuzia nyaya, chanya kwenye hasi. Moja ikisukuma hewa, mwenzake anaivuta, besi inafia katikati."