Waliomfufua Mwalimu Tusekile

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Leo siwapi hadithi ya kupitishia muda. Nawapa kesi, na mahakimu ni ninyi. Hakimu atakayesinzia tutamwamsha.

Palikuwa na wasichana wanne waliolala chumba kimoja katika Chuo cha Ualimu Lugendo, enzi zile mwanachuo anafika na sanduku la bati na kitu cha kwanza anachoulizwa ni kama amekuja na jembe. Watatu kati yao walikuwa na vipaji ambavyo havikuwemo kwenye mtaala.

Kabula, mtoto wa Shinyanga, alikuwa na masikio. Angeweza kulala kifudifudi gizani akakwambia ni nani anayepita nje barazani, na viatu alivyovaa ni vya nani.

Mwanahamisi, wa Pangani, alikuwa na miguu. Si kwamba ilikuwa na kasi, la. Ilikuwa haijui kurudi. Ukimtuma chumvi akakuta duka limefungwa, alikwenda la pili, kisha la tatu, kisha kijiji cha jirani, akaingia jioni na chumvi yako pamoja na habari za watu wote wa njiani.

Adeltruda, wa Mbinga, alikuwa na makalio. Mniwie radhi, lakini sina neno jingine. Aliweza kukaa kwenye benchi la ofisi yoyote tangu inafunguliwa mpaka inafungwa, mikono mapajani, bila kulalamika, mpaka aliye ndani aone haya na kumhudumia. Wenzake walimwita Mkuu kabla hajawa mkuu wa kitu chochote.

Wa nne, Tusekile wa Rungwe, hakuwa na kipaji. Alikuwa na kasoro. Kwenye kwaya ya chuo aliishikilia sauti ya mwisho ya wimbo wakati wenzake wote wameshanyamaza.

"Tusekile, wimbo umekwisha!" mwalimu wa kwaya alikuwa akifoka.

"Najua, mwalimu. Nafunga mlango tu."

Wakahitimu, wakatawanywa kwenye shule za mbali, wakaolewa, wakahamishwa, wakapotezana. Miaka zaidi ya thelathini ikapita. Kisha kukaja mambo mawili kwa pamoja: kustaafu, na simu za kuteleza kwa kidole. Mtu mmoja akafungua kundi la wasapu la wahitimu wa Lugendo, na kufumba na kufumbua watu wazima wakawa wanaambiana habari za maisha yao: huyu amezika mume, yule amefungua banda la kuku, mwingine sukari imeshuka, tumshukuru Mungu. Katibu alikuwa Adeltruda, ungedhani nani mwingine? Tusekile peke yake hakupatikana.

Mwezi wa pili ikaingia habari: Mwalimu mstaafu Tusekile Mwakatobe wa Rungwe amefariki dunia.

Sasa, ukisimama sokoni kule Rungwe ukaita "Tusekile!", wanawake wengi watageuka, na baadhi yao ni walimu wastaafu. Hakuna aliyeuliza ni Tusekile yupi. Adeltruda aliandika tanzia kwa Kiswahili cha kupendeza, akapanga sala, kisha akafanya lile ambalo mtu mwingine yeyote angelisahau. Alikuwa ameona warithi wengi wakisumbuliwa kwa sababu habari za msiba zilichelewa kufika kwenye ofisi ya mafao. Kwa hiyo akapanda basi, akaenda kutoa taarifa mwenyewe. Ofisi ile, ambayo hata ukiomba kalamu hutaka nakala tatu na picha, safari hiyo haikutaka chochote. Tusekile alikuwa ameshakufa kabla ya chai ya saa nne.

Na kumbe aliyefariki alikuwa jirani yake, wa jina hilohilo.

Haya, sikilizeni alichofanya Kabula. Baada ya mazishi mtu alituma kundini sauti iliyorekodiwa makaburini, akina mama wakiimba jeneza likiteremshwa. Watu wakaweka alama za machozi, wakaendelea na shughuli zao. Kabula, ambaye mtoto wa jicho alikuwa ameanza kumfunga macho, aliweka simu sikioni. Wimbo ukaenda, ukafika mwisho, ukakoma. Lakini sauti moja, nyembamba na ya kizee, ikabaki hewani kidogo, kama mtu anayerudisha mlango polepole ili asiwaamshe waliolala.

"Jamani," Kabula akawaambia kundini, "marehemu anaimba."

Mnaweza kukisia majibu. "Pole, mwalimu, huzuni hiyo." "Unywe maji, ulale." Mmoja aliyefundisha hisabati maisha yake yote alimwomba afafanue inakuwaje mtu awe ndani ya jeneza na papo hapo awe kwenye kwaya. Kabula akairudisha ile sauti mara ya pili. Na ya tatu. Mwishowe wakamwondoa kundini, kwa upendo kabisa, ili apumzike. Mwanamke ambaye hakuzaa, ambaye kundi lile ndilo lilikuwa familia yake ya asubuhi na jioni, akabaki na simu isiyolia.

Akampigia Mwanahamisi. "Shoga, unaniamini?"

"Mimi sisikii unachosikia wewe," Mwanahamisi akasema. "Lakini hujawahi kukosea viatu."

Sikilizeni basi alichofanya Mwanahamisi. Magoti yake yalikuwa yamekwisha. Alikuwa amesubiri upasuaji muda mrefu kiasi kwamba daktari aliyemwandikia naye alikuwa amestaafu, na tarehe yake iliangukia wiki hiyohiyo. Hospitalini wakamwambia wazi: ukikosa, unarudi nyuma ya foleni. Akakosa. Akavuka nchi kwa mabasi kutoka baharini mpaka milimani, na huko, kwa kuwa hakuna kundini aliyejua sauti ile ilirekodiwa kijiji gani, akaanza kuingia kanisa moja baada ya jingine, na buibui lake, akikaa benchi la nyuma.

"Mama, wewe ni Mwislamu," mzee mmoja wa kanisa akamnong'oneza. "Unatafuta nini huku kwetu?"

"Natafuta sauti, baba. Imbeni tu, msijali."

Mvua ya kule haiombi ruhusa, na njia zake ni utelezi mtupu. Alianguka, akainuliwa, akauliza njia, akaendelea. Mpaka akafika kwenye kanisa dogo la mabati, juu mlimani katikati ya migomba. Wimbo ukaisha. Na haukuisha.

Mwanahamisi akasimama na magoti yake yote mabovu, akapaza sauti: "Tusekile, wimbo umekwisha!"

Bibi mmoja mstari wa mbele akageuka. Kitabu cha nyimbo kikamdondoka. Mchungaji aliacha ibada ijiendeshe yenyewe, maana wale wawili walikuwa wameshakumbatiana katikati ya kanisa, wanalia na kucheka, na hakuna aliyekuwa akisikiliza tena mahubiri.

Alimkuta hali si nzuri. Tusekile aliishi kwa bintiye, Subilaga, aliyekuwa mjamzito baada ya mimba kadhaa kuharibika. Pensheni ilikuwa imekatika, na vidonge vya presha alikuwa anavivunja nusu, baadaye robo.

"Kwa nini hukwenda kuuliza?"

"Nilidhani Serikali imenisahau," Tusekile akasema. "Nikaona haya kuikumbusha."

Sasa Adeltruda. Habari zilipomfikia hakungoja kesho. Alifunga mzigo, akamfuata Tusekile, akamshika mkono mpaka kwenye dirisha la ofisi. Kijana wa dirishani alikuwa na adabu zake.

"Shikamoo, mama. Kwenye mfumo wewe ni marehemu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja mwenyewe, unaniona."

"Nakuona, mama. Mfumo ndio haukuoni."

Ikaelezwa kwamba kumfuta mtu duniani ni taarifa, bali kumrudisha ni utaratibu. Aliyetoa taarifa ya kifo lazima aape mbele ya hakimu kwamba alisema uongo, na kusema uongo ni kosa, kwa hiyo pensheni yake mwenyewe itasimama wakati wanachunguza ni mtu wa namna gani huyu anayezunguka akiua walimu. Adeltruda alikuwa hajapata barua ya onyo hata moja katika utumishi wake wote. Alipokuwa mkuu wa shule aliwahi kuwafukuza walimu kwa uongo mdogo kuliko huo. Akaapa. Kisha akakaa kwenye benchi, mikono mapajani, asubuhi kwa asubuhi, mwezi kwa mwezi, akila viazi vya kuchemsha alivyofunga kwenye kanga.

"Mama, huna kwenu?" ofisa akamuuliza siku moja.

"Ninako. Lakini mwenzangu umemzika ndani ya kabati lako. Siondoki kaburini mpaka mumtoe."

Mwezi wa tisa wakamtoa. Alipewa hati yenye mhuri, iliyosomeka kwamba marehemu Tusekile Mwakatobe anathibitishwa kuwa hai. Vidonge vikarudi kuwa vizima. Na kabla mwezi haujaisha Subilaga akajifungua salama, mtoto wa kike, mwenye mapafu ya kuamsha mlima.

"Mama," Subilaga akasema, "jina litoke kwako."

Na hapo ndipo kesi inapoanzia. Katika ukoo wa Tusekile, mwenye jina ni somo wa mtoto, na somo si mgeni. Mtoto ni wake nusu. Likizo atakwenda kwake, kichwa atanyolewa mapajani pake, na siku somo akizeeka asijiweze, mtoto huyo ndiye atakayemwosha miguu. Jina ni moja tu. Tusekile aliwahi kufikiria kuyaunganisha majina ya rafiki zake wote watatu, Subilaga akakataa katakata: "Mama, huyu ni mtoto, si kamati ya shule."

Mwezi wa kumi na mbili wahitimu wa Lugendo wakakutana chuoni, katika ukumbi uleule walimoimbia kwaya. Kabula alikuwa amerudishwa kundini, tena kwa kuombwa radhi. Kila mmoja alisimama akaeleza alikopita, na mwenyekiti alikuwa na kengele ya kuwanyamazisha wenye maelezo marefu. Zamu ya Tusekile ilipofika alisimama na mtoto mgongoni.

"Taarifa yangu ni fupi. Nilikufa mwezi wa pili, nikafufuliwa mwezi wa tisa. Jumapili ijayo mjukuu wangu anabatizwa, na sijui nimpe jina la nani kati ya hawa watatu. Semeni wenyewe."

Mwanahamisi akainuka kwa magongo mawili, maana foleni ya upasuaji bado ilikuwa haijasogea. "Mimi wajukuu ninao, na wawili wana jina langu. Lakini hao walipewa kwa desturi. Huyu nimemfuata kwa miguu. Na kama ni suala la kanisa, mchungaji akisikia Mwanahamisi atakohoa, lakini akishakohoa atabatiza." Ukumbi ukacheka.

Kabula akabaki ameketi, uso kauelekeza kule mtoto alikokuwa akipumua. "Nimefundisha watoto mpaka nikapoteza hesabu," akasema. "Wote wananiita Mwalimu. Jina la Kabula nikifa mimi, limekwisha. Sisemi kwamba nastahili. Nasema tu kwamba ningependa kulisikia likiitwa uani."

Watu wakamgeukia Adeltruda. Akatikisa kichwa. "Mimi nitoeni. Mimi ndiye niliyemuua. Mtu hapewi zawadi kwa kufuta alichokosea."

"Mkuu, acha hizo!" Kabula akasema. "Tungemsikia, tungemwona, na bado angekufa kwa kukosa vidonge, mikononi mwetu."

"Kabula yuko sawa," akasema Mwanahamisi, "ingawa jina langu bado nalitaka."

Ndipo Tusekile aliposema jambo lililomfanya mwenyekiti asahau kengele yake. "Miaka zaidi ya thelathini nilikuwa hai, na hakuna hata mmoja wenu aliyekuja kunitafuta. Mlikuja nilipokufa. Adeltruda asingekosea, Kabula asingesikiliza, Mwanahamisi asingefunga safari, na mimi ningeimba peke yangu kule mlimani mpaka siku yangu ya kweli. Sasa niambieni, kosa la namna hiyo nalo nalihesabu vipi?"

Mwenyekiti akapendekeza iundwe kamati ndogo. Alizomewa. Mtoto akafunguliwa mgongoni, akapitishwa kutoka mapaja ya Kabula kwenda ya Mwanahamisi, kutoka ya Mwanahamisi kwenda ya Adeltruda. Kote alinyamaza, kote alishika kidole alichopewa. Hakumsaidia mtu.

Basi Jumapili imefika. Wote watatu wako benchi la mbele. Mchungaji amechota maji, amemwinamia Tusekile na kumuuliza mtoto huyu anaitwa nani, na kanisa zima linasubiri.

Msinitazame mimi, mimi kazi yangu ilikuwa kuwafikisha hapa mlangoni. Mngekuwa ninyi ndio mmembeba yule mtoto, na wale wanawake watatu wanawaangalia, mngetamka jina la nani?