Nani Ale Firigisi ya Bi Nyamizi?

Nilikuwepo. Nalisema mapema, ili yule mwenye tabia ya kuuliza "wewe ulijuaje" alimeze swali lake sasa hivi na alishushie maji. Nilikuwepo Tabora, mtaa wa Kiloleni, sebuleni kwa Bi Nyamizi, na nilikaa karibu kiasi kwamba chozi la Sadala liliruka likatua kwenye chai yangu, nikainywa hivyo hivyo. Ilikuwa na chumvi. Mimi shule niliiacha darasa la tano, au tuseme yenyewe ndiyo iliniacha, lakini macho yangu haya yamesoma mpaka chuo kikuu. Basi tulieni.

Mtaa ule ulikuwa na watu watatu wenye vipaji, na Mungu aliwagawia siku ambayo rangi zilikuwa zimezidi stoo.

Wa kwanza, Kasanda mchoraji. Ukimwambia akuchoree mbuzi kwenye ukuta wa bucha, atamchora mbuzi amevaa miwani, anatabasamu, nyuma yake mlima Kilimanjaro, chini ya mlima bahari, na baharini twiga wawili wanaogelea. Aliwahi kuchora mahindi kwenye ukuta wa mashine ya kusaga, kuku wa mtaa mzima wakadonoa ukuta mpaka midomo ikapinda. Wale kuku wapo hadi leo, wanakula kwa upande.

Wa pili, Bi Siwema mfumaji. Huyu hawezi kuona kitu kiko uchi. Redio ina kitambaa, juu ya kitambaa kuna kitambaa, chupa ya chai ina gauni, mtungi wa gesi una kanzu na kofia. Mbuzi wake akizaa, mtoto anatoka anakuta soksi nne zinamsubiri, za waridi, zenye maua pembeni.

Wa tatu, Sadala mshereheshaji wa harusi, Mzaramo aliyeletwa Tabora na mapenzi, mapenzi yakaondoka, yeye akabaki. Koti lake lina vimetameta elfu kumi na nne, nilivihesabu. Akipita saa sita mchana, ndege angani zinadhani ni uwanja, zinaanza kushuka. Lakini kipaji chake hasa ni kuzimia. Anajua kuzimia kwa aina kumi na saba. Bibi harusi akiingia ukumbini na Sadala asizimie, yule binti analia, anajiona bado hajaolewa.

Sasa mtaani hapo ndipo alipokuwa anaishi Bi Nyamizi, na sebule yake ilikuwa ndiyo sebule. Makochi mekundu ya manyoya yenye mashada ya dhahabu. Vitambaa vya kufuma arobaini na tatu, vyote vya Bi Siwema. Maua ya plastiki yenye matone ya umande ya plastiki. Mbwa wa udongo mwenye kope ndefu. Picha ya maporomoko ya maji ambayo ukichomeka umeme maji yanatiririka na ndege wanalia, na kabati la vikombe ambavyo hakuna mwanadamu aliyewahi kuvinywea.

Binti yake, Kalunde, sebule ile ilimtesa tangu akiwa msichana. Marafiki wa shule wakija, alikuwa anasimama mbele ya yule mbwa wasimwone. Alipopata kazi Dodoma akapanga nyumba yake mwenyewe, akaweka kiti kimoja na mkeka mmoja, akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

Mwaka huo Bi Nyamizi akaanguka. Kiharusi kidogo. Akalazwa wiki tatu, Kalunde akaja mbio kutoka Dodoma, na siku ya kuruhusiwa daktari akamwambia, "Mama yako anahitaji utulivu." Neno hilo tu, hakufafanua.

Kalunde akalifikiria sana. Utulivu. Akaitazama ile sebule, akaona haina utulivu hata wa kijiko. Akamwita mfanyabiashara wa mnadani aje na lori. Makochi yakaondoka, vitambaa vikaondoka, mbwa akaondoka na kope zake, kila kitu kikaishia huko Urambo, Kaliua, na wapi sijui. Kalunde mwenyewe akashika brashi, siku nne, mgongo unamuuma, akapaka kuta zote rangi ya kijivu. Akaweka kitanda kimoja sebuleni ili mama apate hewa, na shuka jeupe. Alifanya kwa mapenzi, hilo nalisema na yeyote asibishe. Alipomaliza alisimama mlangoni akaona nyumba nzuri kama zile za kwenye simu.

Bi Nyamizi akaingia ameshikwa mkono. Akatazama kushoto. Akatazama kulia.

"Nani kafa?" akauliza.

Akalala, akageukia ukuta, akafumba macho. Hakusema tena, hakula tena. Siku ya kwanza Kalunde alifikiri ni uchovu. Siku ya nne akaanza kumbembeleza na kijiko cha uji, "Mama, kidogo tu, kwa ajili yangu," uji ukamwagika shingoni. Siku ya tisa Bi Nyamizi alikuwa amekonda mpaka kivuli chake kikawa kinamtafuta chumba kizima. Muuguzi aliyekuja kumwona alimvuta Kalunde pembeni.

"Dada, mwili huu hauna siku tatu."

Kalunde akatoka uani akakaa juu ya ndoo. Hapo ndipo alipoelewa alichokifanya, na hakuwa na njia ya kuvirudisha vile vitu, maana hata lile lori hakujua namba yake. Akavaa kandambili, akaenda kugonga milango mitatu ambayo tangu utoto alikuwa akiipita ametazama chini.

Kasanda alikuja na makopo yake asubuhi ile ile. Akasimama mbele ya ukuta ambao Bi Nyamizi ameugeukia.

"Huu ukuta umeupaka mwenyewe?" akamuuliza Kalunde.

"Siku nne, fundi."

"Niuharibu?"

"Uharibu, baba. Uharibu kabisa."

Akachora. Akachora maporomoko ya maji yanayotoka mawinguni, na bata wa zambarau wanabusiana, na machweo mawili katika anga moja, na simba mwenye kope ndefu anakula tikiti maji. Brashi ilikuwa inapita kama inchi mbili kutoka puani kwa mgonjwa. Kufika adhuhuri, jicho moja la Bi Nyamizi likafunguka. Kufika alasiri, yakafunguka yote mawili. Yakaanza kwa bata, yakapanda maporomoko, yakashuka na simba. Kalunde aliyaona yale macho yakitembea, akang'ata kanga yake asipige kelele. Lakini kinywa kilibaki kimefungwa kama benki siku ya Jumapili.

Bi Siwema alikuja siku ya pili na kapu la nyuzi. Akakaa chini, akafuma mchana kutwa, ile sindano ikawa inatoa cheche, mimi mwenyewe niliwashia sigara. Akaivalisha chupa ya dawa. Akauvalisha mkongojo soksi. Akaivalisha balbu kofia. Mwisho akachukua bakuli la uji, akalivalisha sketi ya waridi yenye marinda matatu na mkanda wa kijani, akaliweka mbele ya uso wa Bi Nyamizi.

Bi Nyamizi akalitazama bakuli juu mpaka chini. Halafu, kwa sauti ya kukwaruza:

"Siwema. Bakuli limevaa sketi?"

"Na gagulo ndani yake, shoga yangu. Ulitaka litoke uchi mbele za watu?"

"Hebu nione hilo gagulo."

"Humalizi uji, huoni. Limefumwa chini, kwenye kitako."

Bi Nyamizi akafungua kinywa. Kalunde akamnywesha, kijiko kwa kijiko, mpaka bakuli likawa jepesi wakaligeuza. Gagulo lilikuwepo, jeupe, lina utepe. Kesho yake akala mabakuli manne. Lakini miguu ilikataa. Muuguzi akasema asiposimama mapema, hatasimama tena, na atawekewa godoro la wagonjwa wa siku zote.

Sadala alikuja siku ya tatu. Hakubisha hodi. Yeye ni Mzaramo, Bi Nyamizi ni Mnyamwezi, ni watani tangu enzi za misafara, na mtani haombi ruhusa hata kwenye msiba wako mwenyewe. Alikuwa amevaa pazia zito la bluu lenye mashada, taji la karatasi za sigara, hereni za vifuniko vya soda, na midomo imepakwa rangi mpaka kidevuni.

"Mnyamwezi wangu!" akapiga ukunga. "Unakufa bila kuniaga? Mizigo yangu nani ataibeba? Nimekuja kukuzika leo leo, kesho nina harusi!"

"Toka hapa, Mzaramo mchafu," Bi Nyamizi akasema, lakini macho yameanza kucheka.

"Sikulilii wewe, nalilia makochi!" Akaanza kuyalilia makochi, moja moja, kwa majina aliyoyabuni hapo hapo. Akamlilia mbwa wa udongo. Machozi yakawa yanaruka pande zote, ndipo chai yangu ilipoharibika. Halafu akaweka mkono kwenye paji la uso, akazunguka mara tatu, akazimia chini, *puu*, vumbi likapanda.

"Hovyo," akasema Bi Nyamizi.

Sadala akafumbua jicho. "Hovyo vipi?"

"Umeanguka kama gunia la karanga. Mwanamke hazimii hivyo. Ulimwona wapi malkia anaanguka kwa kiuno?"

"Basi wewe unayejua, nionyeshe."

"Usinitanie, Sadala."

"Hujui. Wanyamwezi hamjui kuzimia, mnajua kubeba."

Bi Nyamizi akatupa shuka. Kalunde akaruka kumshika, Bi Siwema akamvuta kanga: "Mwache." Mguu wa kwanza ukagusa sakafu. Mguu wa pili ukagusa sakafu. Akasimama, anayumba, mkongojo wenye soksi mkononi. Akaweka kiganja kwenye paji la uso, taratibu, akatoa pumzi ndefu yenye huzuni ya mataifa yote, akajiachia nyuma kitandani kama pazia la hariri linaposhuka.

Nyumba ikalipuka kwa vigelegele. Sadala alilia, na safari hii machozi yalikuwa ya kweli. Kasanda akapiga magoti. Kalunde akamkumbatia mama yake miguuni, akawa anasema asante, asante, hajui anamwambia nani kati yao wote.

"Mama, nisamehe."

"Ulinitakia mema, nalijua," Bi Nyamizi akasema, akampapasa kichwa. "Lakini mwanangu, ile sebule yangu ilikuwa inanipigia makofi kila nikiingia. Hii yako ilikuwa inaniuliza kitambulisho."

Kalunde akainua macho, akamtazama simba na tikiti lake, bakuli na sketi yake, na lile jitu lenye taji la karatasi za sigara. Akacheka mpaka akaketi chini. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakutaka kusimama mbele ya kitu ili kisionekane.

Wiki hiyo Bi Nyamizi akatangaza chakula cha shukrani. Akachinja jogoo. Sasa nyinyi mnajua habari ya firigisi. Kwenye nyumba ile firigisi ilikuwa ya baba Kalunde, hailiwi na mwingine. Tangu afe, miaka kumi na moja, Bi Nyamizi akipika kuku anaipakua firigisi kwenye sahani ya marehemu, inapoa, mwisho inaliwa na paka. Siku hiyo akampa Kalunde ile sahani.

"Leo paka asubiri. Kuna mtu hapa amenirudisha duniani, na huyo ndiye ataila. Wewe ndiye uliyenizika, mwanangu, basi wewe ndiye utakayejua nani alinifukua. Mpelekee. Na isikatwe vipande, firigisi ya mume wangu haijawahi kukatwa."

Kalunde akaichukua sahani. Wale watatu walikuwa wamekwisha kuinusa.

"Mimi sina tamaa," Kasanda akasema, "ila asingefungua macho, hilo bakuli la sketi angeliona kwa kitu gani? Kwa pua?"

"Macho hayashibishi," Bi Siwema akajibu. "Alikuwa amebakiwa na siku tatu, ungemwacha afe anatazama bata wako wakibusiana."

"Mmesikia wenzenu?" Sadala akainuka. "Mmoja alimwacha anatazama, mwingine alimwacha anatafuna. Mimi ndiye niliyemsimamisha. Kiti nacho kinasimama, lakini nani alimfanya acheke?"

"Acheke na njaa?" Bi Siwema akasema.

"Acheke kipofu?" akasema Kasanda.

Kalunde amesimama katikati na sahani, mvuke unapanda, mama yake anamwangalia kutoka kitandani. Akimtazama Kasanda anaona macho ya mama yakitembea ukutani. Akimtazama Bi Siwema anasikia ile sauti ya kukwaruza, ya kwanza baada ya siku zote zile. Akimtazama Sadala anaona nyayo mbili sakafuni. Moyo wake umejaa shukrani kwa wote, na sahani ina firigisi moja.

Sasa kabla hamjaanza kurushiana viti, kuna jambo moja nimelitunga, na nalikiri kwa sababu nawaheshimu, si kwa sababu mmenikamata. Jogoo hakuwa mmoja. Bi Nyamizi si bahili, alichinja watatu, na firigisi zilikuwa tatu. Wale majogoo wawili nimewafufua na kuwafukuza kwa mdomo wangu huu, ili hadithi inoge.

Lakini msishangilie, hamjapona. Kalunde alisimama pale pale na firigisi tatu kwenye sinia moja, watu watatu wamenyoosha mikono mitatu, na mama yake akamwambia, "Anza na anayestahili kuanza."

Je, wewe ungeanza na nani?