Mguu wa Mheshimiwa

Uchaguzi ulipokaribia, Mheshimiwa Kizunda alivimba mguu. Akamwita mpishi wake, Bi Sikudhani, ambaye yeye Mheshimiwa alikuwa amemnyima ruhusa ya kwenda kumlea binti yake aliyejifungua.

“Nenda hospitali, useme mguu ni wako. Wapinzani wakijua naumwa, nimekwisha.”

“Daktari akitaka kuuona?”

“Mwambie huvimba usiku!”

Bi Sikudhani akaenda, akarudi na dawa, akamkabidhi kimya kimya.

Kesho yake wazee wa chama walikuja kula. Bi Sikudhani akaleta sinia la pilau akichechemea.

“Dada, una nini?” aliuliza mwenyekiti, akainuka upesi kumpokea.

“Mguu, baba. Daktari kasema nipumzike mwezi mzima. Ningekwenda kwa binti yangu, ila ruhusa sijapata.”

Wote wakamgeukia mwenyeji wao. “Mheshimiwa, unamtumikisha mgonjwa?”

Kizunda akadakia, “Hapana, hapana! Anaondoka leo hii, kwa gari langu.”

Alipomsindikiza mlangoni, akamnong’oneza, “Sasa mimi nitapumzika lini?”

“Upumzike una nini, Mheshimiwa?” alisema Bi Sikudhani. “Mgonjwa si mimi?”

Akapanda gari.